Wauza uzi wa kufuma, lebo mnazipeleka wapi?

Wakuu salaam. Mods naomba msiuhamishie jukwaa la vichekesho, huu ni uzi kuhusu uzi: uzi wa kufumia masweta, kofia, soksi za watoto na vitambaa vya makochi. Wasiofuma mnaweza kupita kimya kimya. Wanaofuma mtanielewa kabla sijafika katikati.

Hivi nani aliwaambia wauza uzi kwamba lebo ni takataka? Unaingia dukani, mabonge yamejaa mpaka darini, rangi zinavutia, kila bonge limevikwa nailoni tupu. Hakuna karatasi. Ama yalikuja na lebo zikachanwa, ama mtu amenunua koni kubwa ya kiwandani, akaigawa kwa mashine kuwa mabonge madogo, akayabatiza "gramu mia". Uliza ni uzi wa nini, utajibiwa "sufu hiyo, original". Uliza unene: "wa kawaida." Kawaida ya nani? Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limeshonwa.

Ile karatasi ina mambo matano ambayo mfumaji hawezi kuyakisia kwa macho: uzi umetengenezwa kwa nini, uzito na urefu wa bonge, sindano inayofaa na idadi ya vitanzi kwa sentimita 10, namba ya loti ya rangi, na namna ya kufua.

Tuanze na hiyo "sufu". Asilimia kubwa ya kinachoitwa sufu madukani ni akriliki, yaani plastiki. Akriliki si uzi mbaya: ni rahisi, inafulika, haiwashi. Ubaya ni kutoambiwa. Mtu anafuma kitambaa cha meza akidhani ni pamba, anakipaka wanga, anakiweka pasi ya moto wa pamba. Wanga hauingii ndani ya nyuzi, unabaki juu juu kama ukoko. Pasi nayo inakiua: kinalegea kama mlenda, kinang'aa, na hakirudi tena hata ukifue mara kumi. Kuna wanaofanya hivyo makusudi kwenye shali ili ilale vizuri. Kwenye ribu ya sweta (ule ukingo unaovutika wa kiunoni, mikononi na shingoni) ni msiba, kwa sababu ribu iliyopigwa pasi haivutiki tena.

Kipimo cha nyumbani ni kiberiti. Kata sentimita 5, shika kwa kibanio (si kwa vidole, akriliki inadondosha matone ya moto), fanyia juu ya sahani ya bati. Sufu halisi inanuka nywele zilizoungua, inajizima ukiondoa moto, jivu lake linavunjika vidoleni. Pamba inanuka karatasi, inaendelea kuwaka, inaacha jivu laini la kijivu. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Uzi wa mchanganyiko utakupa dalili mbili kwa pamoja, hapo hata kiberiti kinababaisha. Ndiyo maana tunataka lebo.

Sasa loti. Hapa ndipo wanaponichefua zaidi. Kila pipa la rangi kiwandani hutoa tofauti ndogo, na kiwanda kinaandika namba ya loti ili mteja achukue mabonge yote ya pipa moja. Lebo ikichanwa, namba imekwenda. Muuzaji anakupa mabonge manne kutoka rafu moja na la tano kutoka stoo, anasema "nyeupe ni nyeupe tu". Si kweli! Kuna nyeupe yenye ubluu na nyeupe yenye umaziwa. Chini ya taa ya duka zinafanana. Toka nazo mlangoni kwenye mwanga wa jua uone. Usipofanya hivyo, utaona mstari mgongoni mwa sweta umekatika kama chaki, pale pale bonge jipya lilipoanza.

Kama umeshanunua na loti hazilingani, usimalize bonge moja ndipo uanze jingine. Fuma safu 2 za bonge A, safu 2 za bonge B, uzi mmoja ukiusubirisha pembeni. Mpaka wa rangi unayeyuka, jicho halioni. Au tumia loti ya pili kwenye ribu za mikononi, kiunoni na shingoni tu, ambako mfumo umebadilika kiasi kwamba tofauti inajificha.

Uzito sitaki hata kuuzungumza sana. Nendeni na mizani ndogo ya jikoni. Sweta la mtu mzima la uzi wa DK (double knitting, unene wa kati) linakula takribani gramu 500 hadi 600. Bonge likipungua gramu 15 kila moja, kwenye mabonge 6 umekosa karibu bonge zima. Unarudi dukani kutafuta moja la kumalizia mkono, na loti imeshakwisha. Mnaona yanavyoshikana?

Sindano za kufumia nazo ni magumashi matupu. Namba 8 ya Uingereza ya zamani ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Na zinakwenda kinyume: kwa Waingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, kwa Wamarekani inanenepa. Paterni nyingi za masweta tulizorithi zinasema "namba 10 kwa ribu, namba 8 kwa mwili", hizo ni za Kiingereza: milimita 3.25 na milimita 4. Muuzaji anakupa 8 ya Kimarekani kwa roho safi kabisa. Piga hesabu: sweta la mtoto lenye mzunguko wa kifua sentimita 60, vitanzi 22 kwa sentimita 10, jumla vitanzi 132. Kwa sindano ya milimita 5 ukipata vitanzi 18 kwa sentimita 10, vitanzi vile vile 132 vinatoa sentimita 73. Mtoto wa Makete kwenye baridi ya mwezi wa saba, upepo unaingia kwapani unatokea kiunoni.

Na mara nyingine hata namba iliyogongwa kwenye sindano ni ya uongo. Dawa: mpelekee fundi seremala kipande cha plaiwudi, akutobolee matundu kwa biti za milimita 3, 3.5, 4, 4.5 na 5. Sindano ya 4 halali inapita kwenye tundu la 4 bila kucheza na inagoma kwenye 3.5. Nenda nacho dukani. Watakucheka, wacha wacheke. Sindano za waya nazo (ncha mbili zilizounganishwa kwa waya), pitisha ukucha pale ncha inapoungana na waya. Ukucha ukikwama, kila kitanzi kitakwama hapo hapo, na uzi utachanika nyuzinyuzi.

Wauza paterni za PDF kwenye magrupu, msidhani nimewasahau. Paterni isiyoandika idadi ya vitanzi kwa sentimita 10 si paterni, ni picha. Za kroshia ndiyo vurugu: dc (double crochet) ya Uingereza ni kitanzi kifupi, dc ya Marekani ni kirefu takribani mara mbili. Changanya hizo mbili, kofia inakuwa kisosi. Ukiona sc (single crochet) imeandikwa popote, kwa kawaida paterni hiyo ni ya Kimarekani, kwa sababu Waingereza wa leo hawatumii sc. Na hizi picha za akili mnemba tunaziona: suka (ule urembo wa vitanzi vilivyopishana kama nywele zilizosukwa) linaanza kiunoni linapotelea kifuani, safu hazihesabiki. Mnauza kitu ambacho hakijawahi kufumwa na mtu yeyote.

NYONGEZA: Kuna aliyesema uzi wa koni ni ule ule, nalalamika bure. Si ule ule. Uzi wa koni za mashine mara nyingi una mafuta, unaonekana mwembamba na mkakamavu, ukifuliwa unavimba. Na ukikunjwa kwa kubanwa kwenye bonge, unakuwa umevutwa. Ukishafumwa na kulowa unajirudi, sweta linafupika. Ufungue uwe kitita kilicholegea, uuache usiku mzima kabla ya kuanza. Kisha fuma kipande cha majaribio: vitanzi 30, safu 40, kifue, kikaushe kikiwa kimelazwa, pima sentimita 10 za katikati, si za pembeni.

Na wewe unayeshauri siki ili nyekundu isichuje: kwenye pamba iliyokwisha kupakwa rangi kiwandani, siki haisaidii. Lowesha kipande cha uzi, kibane kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha alama, usikichanganye na nyeupe kwenye kazi moja, basi.

Anayejua duka linalouza mabonge yenye lebo nzima, aweke hapa mkoa, aina ya uzi na bei ya bonge. Picha ya lebo ionekane, upande wa loti.