Paka wa mtaani kwenye matuta ya mchicha: senyenge, miiba au pilipili?

mama_matembele (Tanga)
Habari za jioni wakuu. Nina matuta nyuma ya nyumba, ya mchicha na matembele. Paka wa mtaa mzima wamepafanya choo. Nikisia mbegu jioni, asubuhi nakuta pamefukuliwa. Nimeshauriwa senyenge ya kuku, matawi ya miiba, au pilipili ya unga. Kipi kinafaa? Sumu sitaki hata kuisikia, wenye paka ni majirani zangu.

mkulima_wa_ndoo
Pilipili achana nayo. Ukimwagilia mara moja tu, imekwisha. Halafu paka akiikanyaga hujilamba miguu na kujipangusa uso, inamwingia machoni. Maganda ya machungwa afadhali, ila yakikauka hayanuki tena, na paka anarudi.

kijana_wa_pangani
Chupa za maji! Zijaze, zipange kando ya tuta. Paka akiona mng'ao hasogei.

mkulima_wa_ndoo
Kwetu wanalala wameziegemea.

chuma_chakavu
Mnajisumbua. Sumu ya panya kwenye dagaa, mchezo umekwisha.

binti_ngamiani
Mwenye mada kashasema hataki. Na yule mwanamke wa kwenye hadithi aliingia motoni kwa kumfungia paka tu bila chakula, sembuse wewe unayemtilia sumu! Ngoja panya waanze kuchimba viazi, utawatafuta haohao paka.

mzee_wa_makuti
Wanangu, paka anatafuta udongo mkavu uliotifuliwa. Ndiyo maana lori likimwaga mchanga wa ujenzi, wao ndio wa kwanza kufika. Tuta lililosiwa leo kwake ni kitu kilekile. Mchicha ukishafunga majani hapati pa kuchimba, kwa hiyo shida yako yote iko kwenye siku za mwanzo.

Senyenge ni nzuri, lakini ilaze chini juu ya udongo, vigingi kwenye kona. Ukiisimamisha kama ua, ataruka. Kwa matembele iache moja kwa moja: pandikiza marando kwenye matundu, kwani unachuma majani tu, hung'oi. Kwa mchicha siipendi. Miche hupenya kwenye matundu, ukichelewa kuiondoa unaitoa na mboga yako. Hapo tumia makuti mabichi, kama tunavyofunika kitalu. Mbegu zikiota unayatoa, unachomeka vijiti vingi vilivyokaribiana hadi majani yafunge. Na umwagilie jioni, udongo ulale na unyevu. Paka hapendi kuchimba tope.

mama_matembele
Shikamoo mzee. Na miiba je? Nina mchongoma na bogamvilia hapa uani.

mzee_wa_makuti
Marahaba mwanangu. Inazuia kweli, ila atakayepalilia hapo ni wewe, si paka. Iweke kwenye upenyo wanaopitia.

bwana_mifugo
Naungana na mzee, nikiongeza machache. Kwanza, kama unafukia vichwa vya samaki au maji ya dagaa kama mbolea, unawaalika mwenyewe. Pili, asije mtu akakushauri naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini. Ni sumu kwa paka, na kwenye udongo wa mboga havina kazi.

Tatu, kinyesi kitoe mapema kwa koleo, ukiwa umevaa glovu. Kinaweza kuwa na vijidudu vya toksoplazma. Vikitoka kwa paka huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, lakini vikishaingia kwenye udongo wenye unyevu hukaa miezi mingi. Mjamzito asishike kabisa kazi hiyo. Mchicha ukipikwa vizuri hauna neno. Wasiwasi wangu ni kwa wanaopanda vitu vya kachumbari.

Ukiweza, waachie kona yao yenye mchanga mkavu mbali na matuta. Na zungumza na majirani kuhusu kuwahasi, maana madume ndio wanaozurura na kunyunyizia mkojo kila ukuta.

kijana_wa_pangani
Kwa hiyo chupa zangu hazina mtetezi?

binti_ngamiani
Zijaze togwa, utapata watetezi.

mama_matembele
Asanteni sana. Makuti yapo, senyenge nitanunua ya tuta la matembele tu. Mzee, makuti nayaondoa asubuhi au jioni?

mzee_wa_makuti
Jioni, jua likishapoa. Ukiyatoa mchana miche itanyauka mbele yako.