Faili linakatika kila nikilishusha, na proksi sijaweka

Swali:
Wakuu, faili la ISO la GB 2 kutoka anwani ya http linakatika njiani. Nikirudia, linamalizika kwa sekunde chache, lakini sha256sum (alama ya kuhakiki uzima wa faili) hailingani na iliyochapishwa. Tatizo ni seva?

Jibu:
Seva usiilaumu bado. Hizo sekunde chache ni dalili ya kache, yaani nakala iliyohifadhiwa njiani. Proksi ya lazima (seva ya kati iliyowekwa na wenye mtandao) hunasa kila kinachopita mlango 80, ambao ndio wa http, hata kama hukuiweka mwenyewe. Huenda ilihifadhi nakala mbovu, sasa inakugawia hiyo hiyo. Hakiki:

curl -I http://anwani-ya-faili

Ukiona X-Cache: HIT (jibu limetoka kwenye kache), au Age (umri wa nakala kwa sekunde) yenye namba kubwa, huenda mchawi umempata. Jaribu https: data imesimbwa, kwa hiyo proksi haina cha kuhifadhi, labda kama mashine yako imewekewa cheti cha wenye proksi, kinachowaruhusu kuifungua.

Jibu:
Seva ikiwa haina https, kwanza futa kipande ulichonacho. wget -c (amri ya kuendeleza ulipoishia) juu ya faili bovu inaendeleza ubovu tu. Kisha:

wget --no-cache http://anwani-ya-faili

Amri hiyo inaomba nakala mpya, si ya kache. Proksi nyingine hupuuza ombi hilo (ukaidi wa makusudi, kuokoa bendi). Hapo ongeza ?x=1 mwishoni mwa anwani; kache italiona kama faili jipya. Viungo vyenye saini (anwani zenye msimbo wa kuzuia zisibadilishwe) mara nyingi havikubali mchezo huo.

Jibu:
Msimamizi wa mtandao akitumia Squid (programu ya proksi), mwulize kuhusu mpangilio wa range_offset_limit. Ikiwa -1, ukiomba kipande cha mwisho, Squid hushusha faili zima tangu mwanzo, na programu yako inakata tamaa ikisubiri.