Ati "kisima si cha babako"! Maji ya wakfu yamemwagwa mtaroni mbele ya macho yangu

MwanaKuze

Salamu sina leo, mtanisamehe. Mikono yatetemeka.

Asubuhi hii, watu watoka sala ya alfajiri, yule bwana (mwamjua nyote, jina halina haja, mwenye bunda la funguo kiunoni utadhani ndiye mkuu wa jela) ameushika mtungi wangu wa lita 20, umejaa hadi shingoni, akaupindua. Mtaroni. Maji ya kisima, ya wakfu, yakapita katikati ya champali zangu yakenda kukutana na maji ya kuoshea samaki.

Kisha akanambia mbele ya watu: "Kisima si cha babako."

Haya, ni cha babake? Msikiti wa Mandhry, hapa Mji wa Kale Mombasa, umeanza 1570. Wareno wameanza kujenga Ngome ya Yesu 1593. Watu wote hao walikuwa wakinywa soda? Kisiwa hiki hakina mto hata mmoja. Wazee wetu wamelitoboa jiwe la matumbawe kwa mikono mpaka wakayafikia maji, wakayaweka wakfu: anayetaka kutia udhu atie, mwenye kiu anywe, mpita njia achote. Hakuna aliyeandikiwa risiti.

Nendeni mkauguse mdomo wa kile kisima. Kamba zimelila jiwe. Kuna mikato pale, mmoja upande wa kibla wameza kidole changu chote cha shahada. Hilo jiwe limeliwa na kamba ya katani, ndoo kwa ndoo, na watu ambao hata makaburi yao hatuyajui. Leo mtu aja na kofuli kubwa kama sahani ya pilau ya harusi.

Mfereji wetu leo ni siku ya kumi na moja haujatoa hata tone. Bibi yangu amepita miaka themanini, maji ya mkokoteni hayataki, asema yanuka mpira. Yeye ajua maji ya kisima kile tu, ndiyo aliyooshwa alipozaliwa. Nimeamka saa kumi na nusu nimpelekee ya udhu. Muadhini amefungua kifuniko mwenyewe, nimevuta ndoo saba, mtungi umejaa. Umejaa! Angeniwahi kabla sijavuta, akasema leo hapana, ningeondoka na mtungi mtupu na roho yangu moja. Lakini amengoja ujae.

Ameushika kwa mkono wa kushoto. Akaupindua polepole, anitazama usoni.

Na mpira wa pampu mmeuona? Umeshuka kisimani, umepanda ukuta hadi kwenye matangi juu ya paa. Saa tatu mikokoteni imepanga foleni pale nyuma. Yale hayamwagwi mtaroni.

Kisima si cha babako. Mimi!

Kibokoni_Damu

Yule? Wallahi nilijua ni yeye kabla sijamaliza mstari wa pili. Mwaka jana alimfukuza mtoto wa dadangu kwa sababu ndoo yake ilikuwa nyekundu. Ati ndoo nyekundu yachafua maji.

Simba_wa_Bondeni

Funguo zile nusu yake hazifungui kitu chochote. Nimewahi kumwona ajaribu kumi na nne kwenye mlango mmoja, na mlango ulikuwa wazi.

Chuma_Chakavu

Mtungi mmoja wa maji, na uzi mrefu kama kamba ya hicho kisima. Mleta uzi, ulisimama tu ukitazama? Mkono wako ulikuwa wapi? Lita 20 hazimwagiki kwa nukta moja.

MwanaKuze

@Chuma_Chakavu nilikuwa nimesimama mlangoni pa nyumba ya Mungu, yeye ana umri wa babangu. Ulitaka nimshike kanzu? Nimenyamaza. Ndiyo maana naungua hadi sasa. Maji yalipoisha aliukung'uta mtungi, tone la mwisho nalo likenda, kisha akaniwekea miguuni kama anipa zawadi.

Tawhid_Kwanza

Ndugu zangu tuweni wakweli. Kisima hicho hicho Alhamisi jioni watu hupeleka ubani, chupa za marashi, kitambaa chekundu, halua kwenye kisahani. Wengine wasema kina mwenyewe, yaani pepo. Hiyo ni shirki, kumshirikisha Mungu. Labda kufungwa ni kheri.

MwanaKuze

Mimi nimepeleka mtungi. Ubani sikupeleka. Pepo sikumtaja. Nimetaja mtu, na mtu huyo ana funguo.

Bi_Mkubwa_wa_Ndia_Kuu

Mwanangu Tawhid, wewe umezaliwa lini? Sisi tuliambiwa na mama zetu: kisimani huendi na viatu, huneni maneno machafu, hutemi mate, na mtoto hachungulii peke yake. Ukisema kuna mwenyewe, mtoto aogopa, hatumbukii, wala hatupi takataka. Maji yakabaki safi. Bibi harusi alitolewa ndani siku ya singo, ya kusuguliwa manukato, akaogeshwa maji yale. Maiti waliogeshwa maji yale. Na kwenye birika la msikiti kulikuwa na samaki wadogo wakila viluwiluwi vya mbu, sisi wasichana twawachungulia mlangoni tukifukuzwa. Hiyo yote ni shirki?

Mwambie bibi yako nimemsalimu. Huyo bwana mamake namjua. Hakumlea hivyo.

Tawhid_Kwanza

Nawaheshimu mama, lakini marashi kisimani hayana dalili katika dini. Hata pale kwenye mnara wa Mbaraki chupa zimejaa.

Simba_wa_Bondeni

Mbaraki ni uzi mwingine, usituhamishe.

Fundi_Pampu

Niseme la kazi yangu. Mji wa Kale umekalia matumbawe. Mvua yapenya, maji tamu yakaa juu, ya chumvi ya bahari yako chini yake, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukivuta kwa ndoo, lile tabaka la juu larudi taratibu. Ukitia pampu usiku kucha, lile tamu laisha na chumvi yapanda, na ikishapanda haishuki upesi. Nimeona visima Makadara vya watu vilivyokuwa vyafaa kwa chai, leo hata sabuni haitoki povu. Ukiongeza makaro ya vyoo yaliyochimbwa kando kando ya nyumba, basi msiyanywe bila kuchemsha, hata yakiwa na baraka.

Kwa hiyo kofuli si neno. Neno ni ule mpira.

MwanaKuze

@Fundi_Pampu Mungu akuzidishie. Ndiyo nilivyoonja leo! Matone machache yaliyonirukia mdomoni alipokuwa akipindua, yana chumvi kidogo ambayo haikuwako. Amemwaga, na yaliyobaki atayatia bahari.

Msomi_wa_Mjini

Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi tangu 1990. Peleka malalamiko kwa maandishi kwa wanaohusika na wakfu, na nakala kwa watu wa uhifadhi. Piga picha ya huo mpira.

Chuma_Chakavu

Barua itajibiwa bibi ashamaliza eda ya pili. Nunua maji ya chupa, kaka.

Bi_Mkubwa_wa_Ndia_Kuu

Wewe Chuma una adabu ya mtu aliyeogeshwa maji ya mtaro.

Mdawida_Halisi

Mwalilia mtungi mmoja! Chemchemi za Mzima ziko kwetu, Tsavo Magharibi. Bomba latoka kule lasafiri zaidi ya kilomita 200 lije kuwanywesha nyinyi wa Mombasa, lapita kando ya mashamba yetu makavu, mama zetu wabeba ndoo kichwani wakilitazama. Kisima chetu sisi kimefungwa kofuli la kilomita 200.

Kwale_Kwetu

Na chemchemi za Marere kwetu Kwale je? Shimba Hills yatoa maji, Mombasa yaoga. Mdawida sogea tukae pamoja.

Kisauni_Hatulali

Yaoga nani? Huku Kisauni mfereji ukifunguliwa watoa upepo, na mita yazunguka! Mimi nimelipia upepo mwezi mzima. Nilipeleka bili nikaambiwa nisome nyuma ya karatasi. Nyuma hakuna kitu.

Simba_wa_Bondeni

Upepo wa Kisauni ni mtamu lakini, hauna chumvi.

Mtongwe_Daima

Nyinyi mna upepo. Sisi tuna feri. Jana nimesimama Likoni saa nzima na kiroba cha mbaazi na tui la mke wangu la futari ya watu. Nilipofika tui lishaganda.

Kisauni_Hatulali

Kwani hamkuwekewa daraja la kuelea la Liwatoni?

Mtongwe_Daima

Tuliwekewa, la kuvuka kwa miguu. Na kiroba changu angebeba nani, wewe?

MwanaKuze

Jamani. Kisima. Nimerudi pale baada ya adhuhuri. Kofuli jipya, na kibao cha mbao kimepigiliwa msumari KWENYE MDOMO WA KISIMA. Msumari kwenye lile jiwe! Umepita kando tu ya ule mkato wa kamba, kipande cha jiwe kimebanduka, nimekiokota, ninacho mfukoni. Bibi ametia udhu kwa kikombe cha chai, maji ya mkokoteni. Ameniuliza ya kisima yako wapi. Nimemwambia kisima kinasafishwa.

Bi_Mkubwa_wa_Ndia_Kuu

Hicho kipande usikitupe. Nitamtuma mjukuu wangu magharibi na ndoo mbili kutoka kisima cha uani kwetu. Si kile, lakini ni cha jiwe lile lile.

Kibokoni_Damu

Kwa kuwa twazungumza msikiti ule ule: Ijumaa iliyopita champali zangu zimeondoka na mtu. Mpya. Nimerudi nyumbani pekupeku saa saba ya jua, lami yawaka.

Fundi_Pampu

Nami! Wiki mbili sasa. Nimeachiwa moja ya kushoto na nyingine ya kushoto.

Simba_wa_Bondeni

Hao si wezi, ni watu wa haraka. Wabadilisha bila kuangalia.

Kibokoni_Damu

Haraka gani ya kuchagua mpya peke yake kati ya jozi mia?

Kisauni_Hatulali

Zilikuwa namba ngapi?

Kibokoni_Damu

Nane. Za buluu, ukanda wa kulia nimeutia waya mwekundu niwe nazitambua.

Mtongwe_Daima

Waya mwekundu? Sasa hivi hapa ferini kuna mtu amekaa mbele yangu na za buluu. Ngoja ainue mguu.