Toscana kwa Vespa, watu wawili, siku sita: ratiba hii inabebeka?

Mpanda_Malindi

Assalaam alaykum wanajukwaa,

Mimi na mke wangu tunataka kwenda Italia wiki ya mwisho ya Septemba, tukodi pikipiki Firenze na tuzunguke vijiji vya vilimani kwa siku sita. Hapa mjini naendesha Vespa PX 150 ya gia za mkononi kila siku, mke nyuma, kwa hiyo pikipiki si ngeni kwetu. Milima ndiyo migeni.

Ratiba niliyoipanga: siku ya kwanza Firenze hadi Siena. Ya pili Siena hadi Assisi. Ya tatu Assisi hadi Castelluccio di Norcia na kurudi. Ya nne Orvieto na Pitigliano. Ya tano Pienza na Montepulciano. Ya sita San Gimignano, Volterra, kisha Pontedera kwenye makumbusho ya Piaggio, watengenezaji wa Vespa, na jioni Firenze kurejesha pikipiki.

Je, inabebeka? Tuchukue PX ya zamani, Vespa 300 ya siku hizi, au pikipiki ya gia ya cc 500? Na karatasi gani zitatukwamisha?

Kilima_Wete

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Kwenye ramani imekaa vizuri, barabarani haibebeki. Assisi hadi Castelluccio kwenda na kurudi ni karibu kilomita 190 za milima, na umeiweka katikati ya safari ambayo kila siku mnahama na mizigo. Kwenye njia za vilima, ukiwa na abiria, mwendo wa wastani ni kilomita 40 hadi 45 kwa saa. Kilomita 150 ni zaidi ya saa tatu za kukaa kitini kabla hamjasimama kula, kusali, kutia mafuta au kupiga picha. Na anayechoka mwanzo ni wa nyuma, kwa sababu yeye haioni kona inavyokuja.

Toa Umbria yote, yaani ule mkoa jirani wenye Assisi, Castelluccio na Orvieto. Baki Toscana, fanya duara.

Siku ya kwanza shika SR222, njia ya Chianti, upite Greve, Panzano na Castellina hadi Siena. Ni kilomita 70 hivi. Ipo barabara kubwa ya moja kwa moja baina ya miji hiyo miwili. Iache, ina malori na haina cha kuangalia.

Siku ya pili ndiyo ya kuipa muda. Toka Siena kwa SP438 hadi Asciano. Hapo unapita Crete Senesi, vilima vya udongo wa mfinyanzi wa kijivu visivyo na miti, na njia imepita juu ya mgongo wa kilima, kwa hiyo bonde liko kulia na bonde jengine liko kushoto. Lakini usitarajie ule ukijani wa kwenye picha. Ukijani ni wa Aprili na Mei. Mwisho wa Septemba ngano imeshavunwa zamani, ardhi imelimwa, rangi ni ya udongo. Ni pazuri vilevile, kwa namna yake. Kutoka Asciano nenda Monte Oliveto Maggiore, Buonconvento, Montalcino, San Quirico d'Orcia, mlale Pienza.

Laleni Pienza usiku mbili. Siku ya tatu acheni mabegi chumbani, mwende Montepulciano kwa SP146, ni kilomita 14 tu, kisha Monticchiello na Bagno Vignoni. Pikipiki isiyo na mabegi ndiyo mtakayojifunzia kona vizuri.

Siku ya nne panda Monte Amiata kupitia Castiglione d'Orcia na Abbadia San Salvatore. Kilele kiko mita 1,738. Pienza iko karibu mita 490, na kila mita 1,000 unazopanda joto hushuka nyuzi 6 hivi. Asubuhi ikiwa nyuzi 12 Pienza, juu ni 4 au 5, na upepo wa mwendo bado hujauhesabu. Kisha teremkeni kwa upande wa Santa Fiora hadi Pitigliano, mji uliojengwa juu ya jabali la tufo, mwamba laini wa volkano, nyumba na mwamba rangi moja.

Siku ya tano ndiyo ndefu: Pitigliano, Manciano, Scansano, Massa Marittima, halafu SR439 kupitia Larderello hadi Volterra. Hesabu kilomita 190. Ikiwa nyingi, lala Massa Marittima. Karibu na Larderello mtaona mabomba makubwa yanafuatana na barabara; yanabeba mvuke wa ardhini unaozalisha umeme. Siku ya sita Volterra hadi Pontedera, saa moja hivi, kisha Firenze. Makumbusho hayafunguliwi siku zote za wiki, kwa hiyo angalieni kalenda yake kabla ya kukata tiketi ya ndege.

San Gimignano nimeiacha makusudi. Minara yake ni mizuri, lakini mabasi ya watalii yanaijaza kutwa, na mna mengi bila hiyo.

Fundi_Darajani

Kuhusu chombo: PX iache nyumbani, na huko usiikodi. Injini yake ni ya mipigo miwili, oili huingia pamoja na petroli. Kwenye mteremko wa kilomita kumi umefunga mafuta, yaani umeachia mkono wa mafuta, na injini inazunguka kwa nguvu ya gurudumu, oili inayofika kwenye pistoni ni kidogo mno. Ndipo pistoni inapokamata. Na kupanda Amiata watu wawili na mabegi ni gia ya pili muda mrefu, mwendo mdogo, joto kubwa. Kwa mzunguko wa nusu siku Chianti sawa. Kwa siku sita hapana.

Vespa 300 inatosha. Lakini jua kitu kimoja, kwa sababu mkono wako umezoea gia. Ile ni ya mkanda, haina gia za kubadilisha, na klachi yake hujifungua yenyewe mzunguko wa injini ukishuka. Ukiteremka kwenye kona kali ya kugeuka nyuma, ukafunga mafuta kabisa, mwendo ukipungua sana klachi inaachia, na chombo kinaanza kuteleza bure katikati ya kona bila injini kukishika. Anayetoka kwenye PX hushtuka, anabana breki ya mbele, usukani umekunjwa, wanaanguka. Dawa: maliza breki kubwa kabla ya kona, chombo kingali wima. Ndani ya kona bakisha mafuta kidogo tu ya kushikilia mkanda, na upunguze mwendo kwa breki ya nyuma. Macho yaende mwisho wa kona, si kwenye lami iliyo mbele ya tairi.

Kupanda, kosa ni jengine: kuingia polepole mno. Chombo kinakosa nguvu kikiwa kimelala, mguu wa upande wa bondeni haufiki chini kwa sababu barabara imeinama. Ingia na mwendo, usiachie mafuta katikati.

Mke naye ana kazi. Mikono kiunoni kwako, kwenye breki asukume kiti kwa mapaja asikulalie mgongoni, na kwenye kona aangalie juu ya bega lako la upande mnaogeukia. Akifanya hivyo tu, uzito wake unakaa pahala pake wenyewe.

Tairi pimeni upepo asubuhi kabla ya kuondoka. Pampu za huko zinasoma bar: bar 1 ni psi 14.5, kwa hiyo psi 32 ni bar 2.2. Kibandiko cha chombo kina namba mbili za tairi la nyuma, ya mtu mmoja na ya wawili. Fuata ya wawili.

Mazoezi yafanyeni Pemba kabla ya safari. Njia ya zamani ya Chake kwenda Wete ina vilima na kona za kutosha. Mwende na mke na mabegi yaleyale mtakayobeba, begi moja lisizidi kilo 10.

Kilima_Wete

Fundi, hapo kwenye 300 sikubaliani nawe kabisa. Kwa watu wawili na mabegi, Amiata na ile siku ya kilomita 190 ningechukua ya cc 500 yenye gia na ABS, breki zisizoacha gurudumu lifunge, kwa sababu kwenye mteremko gia ya pili inakushikia chombo na breki zinapumzika. Magurudumu yake makubwa pia yanavumilia mashimo, na njia za wilaya za huko zina mashimo na lami iliyoinuliwa na mizizi. Ikiwa moyo wake uko kwenye Vespa, basi siku ya tano aigawe mara mbili.

Bint_Chake

Anzeni na karatasi, maana hizo ndizo zinazowarudisha watu kwenye kaunta ya kukodi.

Leseni lazima iwe na daraja la pikipiki la cc mnayokodi, na iambatane na kibali cha kimataifa cha kuendeshea ambacho nacho kimegongwa muhuri kwenye safu ya pikipiki. Muhuri ukiwa kwenye safu ya gari peke yake, hakuna pikipiki.

Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Italia: ombi linapokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Lakini soma masharti ya bima hiyo: nyingi hazilipi ajali ya pikipiki inayozidi cc 125 mpaka uongeze malipo. Itakupa viza na isikulipie hospitali.

Dhamana ya chombo inazuiliwa kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Kadi za kawaida za benki, ambazo wengi wetu ndizo tulizonazo, kampuni nyingi hazizikubali kwa dhamana. Waandikieni mapema, mpate jibu kwa maandishi.

Kofia: Italia inatakiwa yenye alama ya ECE, herufi E ndani ya duara pamoja na namba, imeshonwa kwenye mkanda wa kidevu. Kofia nyingi zinazouzwa huku hazina. Na zile nusu-kichwa zisizo na alama polisi wanazichukua. Kodini huko, au nunueni yenye alama. Glovu, suruali nzito, koti la mvua na nguo ya sufu ya ndani ni za lazima. Baridi ya asubuhi kwa mwendo wa kilomita 80 inafanya vidole visisikie breki.

Mpanda_Malindi

Shukran jazila kwenu nyote. Nimeshaifuta Umbria. Yamebaki mawili: kuendesha kulia, na chakula. Hatuli nguruwe wala chenye pombe, na vijiji vile ni vidogo.

Kilima_Wete

Kulia haikusumbui penye magari, kwa sababu unawafuata. Inakuponyoka pale unapoanza: unatoka sheli, au mgahawani, barabara tupu, mkono unakupeleka kushoto. Basi kila mnapoondoka, mke aseme kwa sauti, "kulia." Kipilefti kinazungukwa kinyume na mzunguko wa saa, na gari la kuliangalia kabla ya kuingia linatokea kushoto kwako. Kona za kushoto zina hatari yake: ukilala karibu na mstari wa kati, tairi liko upande wako lakini kichwa chako kiko kwenye njia ya basi linalokuja. Kaa nusu ya kulia ya njia yako mpaka uone mwisho wa kona.

Mafuta: vijijini wahudumu hufunga kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa hivi, na Jumapili. Inabaki mashine ya kujihudumia. Haitoi chenji, na mara nyengine inakataa kadi za nje, kwa hiyo weka noti za euro 5 na 10. Petroli ni "benzina", alama ya duara iliyoandikwa E5. "Gasolio" ni dizeli. Tia kila tangi likifika nusu.

Kila mji wenye kuta una eneo la magari yenye kibali, ZTL, duara jekundu lenye weupe ndani, na kamera juu yake. Miji mengine inaruhusu pikipiki, mengine hairuhusu. Faini inapitia kampuni ya kukodi na inakuja miezi baadaye na ada juu yake. Egesha nje ya lango: mistari myeupe ni bure, ya buluu inalipiwa, ya manjano si yako.

Na programu ya ramani ikikuletea njia ya mkato, hakikisha si "strada bianca". Ni kokoto nyeupe. Kavu inapitika, mvua ikinyesha udongo unajaza mistari ya tairi na breki inakuwa haina maana. Septemba pia ni mavuno ya zabibu, matrekta yanaacha matope konani.

Mkunazini_Jikoni

Chakula kipo, mkijua maneno. Agizeni "pici all'aglione", tambi nene za mkono na mchuzi wa nyanya na vitunguu saumu, au "pappa al pomodoro", mkate uliopikwa na nyanya. Mkate wa Toscana wenyewe ni unga, maji na hamira, hauna hata chumvi. "Ribollita" ni supu ya maharagwe na sukuma, lakini ulizeni kwanza, wengine huanzia na mafuta ya nguruwe. Mkiona cinghiale, guanciale, pancetta, prosciutto, lardo au strutto, acheni, zote ni za nguruwe: cinghiale ni nguruwe mwitu na yumo kila menyu ya huko, strutto ni mafuta ya nguruwe na huingia kwenye mikate bapa na keki. "Ragù", mchuzi wa nyama, nyingi zina divai. Tiramisù mara nyingi inatiwa kileo, na aiskrimu za "malaga" na "zuppa inglese" pia. Chukueni pistakio au limau.

Jikoni hufunga saa nane na nusu mchana hadi saa moja na nusu usiku, kwa hiyo bebeni jibini, matunda na mkate. Pecorino, jibini ya Pienza, ni ya maziwa ya kondoo. Wanaochunga kimeng'enyo cha kugandishia waulize "caglio vegetale", yaani cha mimea.

Msikiti upo Colle di Val d'Elsa, umefunguliwa 2013, kilomita 25 hivi kutoka Siena. Kwengine mtasali njiani, na kibla huko ni kusini-mashariki, si kaskazini kama kwetu.