Friza ya sampuli ilizima, nimeandikiwa barua ya kujieleza, na usimamizi wa maabara sikuwahi kupewa kwa maandishi. Nijibuje?

MamaMaabara

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa waliofanya kazi kwenye maabara za vyuo au waliowahi kuongoza kituo.

Mimi ni mteknolojia wa maabara kwenye kituo cha bioteknolojia cha chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Nina miaka 11 pale. Tuna mkurugenzi na naibu wake, wahadhiri sita ambao muda mwingi wako idarani kwao wanafundisha, wateknolojia watatu wa ajira ya chuo, na vijana wanne wa mradi ambao mikataba yao inaisha Juni 30.

Mwaka juzi mkuu wa maabara alistaafu. Mkurugenzi wa wakati huo akaniita, akaniambia, "Mama, wewe ndiye unayeijua maabara hii, ishikilie mpaka tupate mtu." Sikuandikiwa chochote. Nikaishikilia. Funguo ninazo mimi, mahitaji ya vitendanishi naandaa mimi, wanafunzi wa uzamili nawapangia zamu za mashine ya PCR (ya kuzidisha nakala za DNA ili zipimwe) mimi. Mwaka jana mkurugenzi akamaliza kipindi chake, akaja mwingine. Hakuna aliyemweleza habari ya ile "ishikilie". Alinikuta naendesha mambo, akajua ndivyo ilivyo.

Wiki tatu zilizopita umeme ulikatika Ijumaa usiku. Jenereta ikawaka, kisha ikazima kwa kukosa dizeli. Mlinzi akapiga namba zilizobandikwa kwenye mlango wa friza ya nyuzi hasi 80. Ya kwanza ni ya yule mkuu aliyestaafu, haipatikani tena. Ya pili ni yangu, na mimi nilikuwa msibani Kilosa, mahali ambapo mtandao haushiki. Ya tatu hakuna.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nilikuta umeme umesharudi, friza inanguruma, kioo kinasoma hasi 52 na kinaendelea kushuka. Nikasema Mungu mkubwa, tumepona. Lakini mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na desturi ya kuweka ndani ya friza kikombe cha maji yaliyoganda, juu ya barafu kalaza sarafu ya shilingi 100. Kikombe bado tunacho. Nilipokitoa, sarafu ilikuwa chini kabisa, imeganda kwenye kitako cha kikombe. Maana yake barafu iliyeyuka yote, ndipo ikaganda upya. Nilikaa sakafuni pale pale.

Humo ndani kuna RNA (ndugu wa DNA, hubeba maelezo ya urithi) na majani ya muhogo tuliyokusanya tangu 2014, ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia na wa batobato.

Sasa nimepata barua ya mkurugenzi. Ndani ya siku 7 nieleze "wewe kama msimamizi wa maabara" kwa nini nisichukuliwe hatua. Nikisema mimi si msimamizi nitakuwa nakwepa, na kweli nilikuwa nasimamia. Nikijibu kama msimamizi, nimejifunga kamba mwenyewe. Na kuhusu dizeli, nilimwambia afisa ugavi mara mbili, lakini kwa mdomo tu. Hilo ni kosa langu, nalijua, na linanikosesha usingizi. Nijibuje?

Kisiwani_Juu

Pole sana dada. Mimi ningejibu mstari mmoja tu: sina barua ya uteuzi, kwa hiyo aulizwe aliyeteuliwa. Ukianza kueleza mengi watachukua neno moja wakufunge nalo.

Mtumishi_Masjala

Kisiwani, huo mstari mmoja ungemuumiza. Nimekaa utawala wa chuo miaka mingi, barua fupi za namna hiyo husomeka kama kiburi.

Mama, kwanza tulia. Barua ya kujieleza si hati ya mashtaka. Mtumishi wa umma akishtakiwa rasmi, kuna utaratibu wake chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura 298, na hapo hujafika. Unachoandika sasa ndicho kitakachoamua kama utafika.

Kukaimu kuna barua yake, kuna muda wake, na kawaida hakuzidi miezi 6. Wewe hukukaimishwa, uliombwa. Kwa hiyo usikanushe kwamba ulikuwa unafanya kazi ile. Andika ilivyotokea: tarehe fulani mkuu wa maabara alistaafu, mkurugenzi wa wakati huo aliniagiza kwa mdomo niendelee, sikupewa barua, madaraka wala fungu la fedha, nami nikaendelea kwa nia njema hadi leo. Aliyekuagiza yupo? Kama yupo chuoni, mwombe akuthibitishie kwa maandishi, hata kwa baruapepe ya mistari miwili.

Halafu fungua PEPMIS yako, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi. Majukumu uliyokubaliana na kiongozi wako yamo mle. Kama usimamizi wa maabara haumo, chapisha uambatanishe. Kama umo na kiongozi aliuidhinisha, chapisha pia, kwa sababu hiyo ni karatasi inayoonyesha chuo kilijua na kilinyamaza. Vyovyote iwavyo inakusaidia.

Suala la dizeli liseme wazi kwamba ulitoa taarifa kwa mdomo. Usijaribu kuandika baruapepe leo ukaipa sura ya zamani. Nimeshuhudia mtu akipoteza kazi kwa hilo, na kosa la mwanzo lilikuwa dogo tu.

Ukimaliza, peleka nakala mbili masjala, moja igongwe muhuri na tarehe ubaki nayo.

Profesa_Mstaafu

Niliwahi kuongoza kituo cha aina hii kwa vipindi viwili, basi niseme kutoka upande wa pili wa meza.

Mkurugenzi wa kituo anaonekana mkubwa kuliko alivyo. Jenereta ni ya kitengo cha milki. Dizeli inanunuliwa na ugavi, siku hizi kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Friza ililetwa na mradi. Sampuli ni za watafiti. Chumba tu ndicho cha kituo. Kitu kikiharibika, mfadhili anamwandikia mtafiti mkuu, mtafiti mkuu anamwandikia mkurugenzi, makamu mkuu wa chuo anamuuliza mkurugenzi, na mkurugenzi ambaye hana hata lita moja ya dizeli anatakiwa awe na karatasi mkononi. Ndiyo maana amekuandikia. Inawezekana ana hasira na wewe, simjui. Lakini inawezekana zaidi kwamba hajui ni nani mwingine wa kumwandikia.

Mimi niliwahi kuandika barua kama hiyo kwa fundi wetu mmoja, na naijutia. Alinijibu kurasa nne za kujitetea, hakuna ukurasa hata mmoja ulionieleza tumebakiwa na nini. Tukaachana vibaya, na nilipoteza mtu aliyekuwa anasikia kompresa ikibadilika sauti kabla kengele haijalia.

Kabla hujapeleka jibu, omba kumwona. Nenda na ukurasa mmoja: sampuli zipi zimo, zipi zimeathirika, zipi zinaweza kuokolewa. Hilo hakuna mwingine pale anayeweza kumpa.

Kisiwani_Juu

Nakuheshimu Profesa, ila asiende peke yake. Kama ni mwanachama wa THTU, chama cha wafanyakazi wa vyuo vya elimu ya juu, aende na mwakilishi wa tawi.

Profesa_Mstaafu

Kwenye kikao cha nidhamu, naam, aende naye. Kwenye mazungumzo haya ya kwanza mwakilishi ataufanya mlango ufungwe. Bado naamini hivyo, ila Mama ndiye anayemjua mtu wake.

Muhogo_na_Nzi_Weupe

Mama, pole. Naomba niongelee friza, maana naona watu wanazika sampuli zote kaburi moja.

Virusi vya batobato ni vya DNA. Virusi vya michirizi ya kahawia, spishi zote mbili, ni vya RNA. DNA inavumilia kuyeyuka mara moja, mara nyingi utaipata. RNA ndiyo inayokatikakatika, kwa sababu vimeng'enya vinavyoila viko kila mahali, hata kwenye vidole vyetu. Na majani mabichi yaliyogandishwa yako hatarini kuliko RNA iliyokwisha kusafishwa, kwa kuwa jani likiyeyuka linajimeng'enya lenyewe.

Kwa hiyo usikadirie, pima. Chukua vichupa vichache kutoka kila droo, juu, kati na chini. Kabla ya kutafuta kirusi, tafuta jeni la muhogo wenyewe kwa njia ile ile ya RNA. Jeni la mmea likikosekana, sampuli imekufa. Likionekana na kirusi kisionekane, hapo una jibu la kweli. Na usifungue friza hovyo: toa unachohitaji, weka kwenye barafu, funga.

Zile za 2014 zina thamani ambayo pengine hata mkurugenzi wako haijui. Michirizi ilielezwa kwa mara ya kwanza hapa kwetu, kituo cha Amani kule Usambara, mwaka 1936. Kwa miaka mingi ilihesabiwa ugonjwa wa mwambao. Miaka ya 2000 ikapanda juu hadi Uganda na kandokando ya Ziwa Victoria. Virusi vinabadilika, kwa hiyo jani la 2014 huwezi kulichuma tena leo. Mweleze hivyo.

Wanjiru_Kabete

Salamu kutoka Nairobi. Pole dada, hiyo sarafu imenigusa.

Nilifanya mafunzo ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, hapa Nairobi. Kule sampuli zina hazina yake, inaitwa Azizi, na jina hilo huwa linanifurahisha kwa sababu ndivyo zinavyotunzwa. Zingine ziko kwenye matangi ya nitrojeni ya kimiminika, nyuzi hasi 196, ambayo haisubiri stima. Najua si kila chuo kinaweza. Lakini kilichonifunza zaidi ni kwamba kila sampuli ina mtu na kila mtu ana wa kumshikia akiwa mbali. Ukiomba kitu kimoja kwenye hiyo barua, omba orodha ya watu watatu wa kupigiwa simu, mkurugenzi mwenyewe akiwemo. Hiyo haihitaji bajeti.

Kijana_wa_Mradi

Mama, mimi nilikuwa kama hao vijana wako wanne, chuo kingine. Mkataba uliisha Ijumaa, Jumatatu kadi yangu haikufungua mlango. Visanduku 40 niliviandika kwa vifupisho vyangu mwenyewe na ufunguo wa vifupisho ulikuwa kwenye kompyuta yangu. Hakuna aliyeuliza. Nadhani bado viko pale na hakuna anayejua ni nini. Kaa na hao vijana kabla ya Juni 30, droo kwa droo. Na uwaambie wao pia waulize mapema kwa maandishi kama mkataba utaongezwa, wasisubiri.

MamaMaabara

Nimesoma zote, zingine mara mbili. Asanteni. Nimempata mkurugenzi wa zamani, kaniandikia ujumbe wa mistari mitatu akithibitisha. Kwenye PEPMIS usimamizi wa maabara umo, tena niliuandika mimi mwenyewe na mkurugenzi wa sasa ndiye aliyeuidhinisha. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Mtumishi_Masjala

Ambatanisha. Usiongeze neno la lawama juu yake, atalisoma mwenyewe.

MamaMaabara

Nimerudi kuwapa taarifa, zimepita siku kumi.

Nilikwenda kumwona peke yangu, Kisiwani unisamehe. Nilimwekea kikombe mezani, sarafu ikiwa chini ndani ya barafu, nikamweleza maana yake. Alikishika muda mrefu. Akaniuliza namba yake ingekuwa mlangoni ingekuwaje. Nikamwambia ukweli, ungepigiwa usiku ule ule. Jibu langu nilipeleka masjala siku ya sita, kurasa mbili na viambatanisho vinne, na la dizeli nililiandika kama lilivyokuwa. Uamuzi rasmi bado. Lakini jana nimepewa barua ya kukaimu miezi 6, na mlangoni kuna namba tatu, ya kwake ni ya pili. Kitengo cha milki wametakiwa kupima dizeli kila Ijumaa na kusaini.

Kuhusu sampuli: nilipima vichupa 40, nusu batobato nusu michirizi. Batobato zote bado zinasomeka. Michirizi zinasomeka 6 kati ya 20. Za michirizi zilizokuwa droo ya juu karibu zote zimeharibika. Na wale vijana tumeanza kuandika orodha, tuko droo ya pili.

Muhogo_na_Nzi_Weupe

Hizo 6 zigawe leo hii, nusu zikae friza nyingine, jengo lingine. Zile 14 zilizopotea, kama una majina ya vijiji tunaweza kurudi kuchuma. Hazitakuwa zile za zamani, lakini tutajua kilichopo sasa. Tafuta majani ya chini yaliyokomaa, ndiko michirizi inakoonekana vizuri.

MamaMaabara

Majina ninayo, niliyaandika kwa mkono wangu. Vingi viko Muheza. Shamba la kwanza lilikuwa la mama mmoja karibu na barabara ya kupandia Amani, alituchumia majani mwenyewe akatuuliza tutamletea majibu lini. Namba ya mwenyekiti wa kijiji bado ninayo kwenye daftari la wakati ule. Nitampigia kesho, nimuulize kama yule mama bado analima.