Naomba ushauri: ofa ya pointi za mtumba, Saratoga Springs

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Tanga, mimi na dada aliye Marekani tunataka kununua mkataba wa Disney Vacation Club, mpango wa Disney wa kulipia malazi ya likizo kwa pointi za kila mwaka (ndiyo, hata likizo ina mtumba): hoteli ya Saratoga Springs, Florida, pointi 160 kwa mwaka, unaisha 2054. Kwamba wa mtumba hauingii Riviera, hoteli yao nyingine, tunajua, halitusumbui.

Tatizo ni pointi. Taarifa ya akaunti tuliyoomba kwa dalali inaonyesha za mwaka huu zimekwisha na za mwakani zimekopwa zote, yaani muuzaji kazitumia mapema. Kwa hiyo tutalipa ada ya mwaka bila kulala hata usiku mmoja. Tumeomba bei ishuke. Muuzaji amekubali kubeba gharama za uhamisho tu. Tukishusha mno, Disney wana siku 30 za kuuchukua wao kwa bei ileile.

Tena muuzaji ni mgeni kikodi kule, na 15% ya bei lazima izuiwe kwa ajili ya kodi ya Marekani. Dalali asema hayo ni ya muuzaji, lakini isipozuiwa anayedaiwa ni mnunuzi.

Naomba kujua: kwenye bei ya kila pointi nikate ada za miaka hiyo tu, au na thamani ya pointi zilizokwisha tumika? Na hiyo 15% niiandike kwenye ofa yenyewe, au nisubiri wakala wa uhamisho?