Mjadala: Nani akalie kiti cha mwenyekiti kwenye vikao vya mamlaka za serikali?

Wakili Nkuhungu

Wadau, tangu taasisi zihamie Dodoma, vikao vya kusikiliza mashauri na maoni vimekuwa vingi hapa mjini, na swali la nani aviongoze bado linajibiwa kwa mazoea. Msimamo wangu ni huu: ofisa aliyechunguza jambo, aliyeandaa mashtaka au aliyetoa uamuzi unaolalamikiwa asikalie kiti, hata awe mtaalamu kiasi gani. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba haizungumzii mahakama peke yake. Inasema "mahakama au chombo kinginecho", na inadai mtu asikilizwe kwa ukamilifu, kisha awe na haki ya rufani. Huwezi kusema umemsikiliza mtu kwa ukamilifu ikiwa aliye mezani alishaandika hitimisho lake kwenye jalada wiki mbili kabla ya kikao.

Kesi ya nyani hakimu ngedere, wazee walishalisema.

Mdau wa Maji

Wakili, nakubali nusu. Tutenganishe kwanza aina za vikao, maana tukivichanganya hatutafika popote.

Taftishi, yaani kikao cha kukusanya maoni kabla ya uamuzi, si kesi. Sheria ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, inaitaka mamlaka hiyo ifanye taftishi kabla ya kupanga bei. Mamlaka ya maji kama DUWASA ikiomba bei mpya, hakuna mshtakiwa pale. Kuna mwombaji, kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, kuna wananchi. Mdhibiti mwenyewe kuongoza si kosa, kwa sababu anakusanya hoja ili akaamue.

Tatizo ni mazoea ya kumwachia kiti mgeni rasmi. Mkuu wa wilaya au wa mkoa akaribishwe, afungue, kisha ashuke. Akibaki mezani yanatokea mambo mawili. Kwanza, hotuba inakula saa nzima na wananchi wanapewa dakika mbilimbili mwishoni. Pili, mtu wa Chang'ombe atasitasita kusema mita yake inasoma hewa mbele ya mkubwa aliyetoka kuusifu mradi. Mwongozaji mzuri anaanza na mwombaji aeleze ombi kwa tarakimu: bei ya sasa kwa yuniti, bei inayoombwa, maji yanayopotea njiani, gharama za umeme wa pampu. Halafu baraza la watumiaji lijibu, halafu wananchi, na mwombaji arudi kujibu hoja moja moja. Kabla ya kufunga atangaze tarehe ya mwisho ya kupokea maoni ya maandishi na anwani ya kuyapeleka. Muhtasari wa ombi uwe umepatikana kwa Kiswahili siku kadhaa kabla. Kuugawa mlangoni ni kuwanyima watu nafasi ya kuusoma.

Anayeudhika na uamuzi wa bei anakwenda Baraza la Ushindani, na huko mwenyekiti ni jaji wa Mahakama Kuu. Kwa hiyo ujaji upo, ila umewekwa ngazi inayofuata.

Katibu wa Baraza

Mimi nazungumzia ardhi, maana huko makosa ya kiti yanawaumiza watu wa Bahi na Chamwino kuliko bei ya maji.

Sheria ya mwaka 2002 ililiunda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya likae na mwenyekiti mwanasheria na wajumbe wasiopungua wawili wa kumshauri. Wengi huona wajumbe kama mapambo, wakati mashauri mengi yamebomoka hapohapo. Katika Rufaa ya Madai Na. 286 ya 2017 Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba maoni ya wajumbe yawe ya maandishi, na yasomwe wadaawa (pande za shauri) wakiwepo kabla mwenyekiti hajaandika hukumu. Mwenyekiti akiandika tu "wajumbe wamekubaliana nami" na maoni yenyewe hayapo kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu zake, hukumu inafutwa. Mnaanza upya. Shahidi mzee wa mpaka keshafariki, mwenye shamba hana tena nauli.

Wajumbe wakikosekana katikati, sheria ile iliruhusu mwenyekiti amalizie na aliyebaki. Lakini kumwingiza mjumbe mpya ambaye hakuwasikia mashahidi wa mwanzo ni kosa. Vivyo hivyo mwenyekiti akihamishwa: anayepokea jalada aandike kwa nini mwenzake hakumaliza, kisha aendelee. Ni mistari mitatu tu, na ikikosekana miaka minne ya shauri inaweza kupotea.

Na mkienda kuona eneo, mwenyekiti asipande gari la upande mmoja. Pande zote ziwepo, vipimo vichukuliwe mbele yao, maelezo yasomwe kwa sauti wayasikie. Hilo Mahakama ya Rufani ililieleza tangu 1980.

Ugavi Mtumba

Ndugu zangu, mnataka majaji kila kona. Chukueni zabuni. Malalamiko ya mzabuni yanaanzia kwa afisa masuuli, yaani mtendaji mkuu mwenye dhamana ya fedha, wa taasisi ileile iliyotangaza zabuni. Kwa kipimo cha Wakili, huyo amekwisha kukosa sifa. Lakini hatua hiyo imewekwa makusudi ili taasisi ijisahihishe mapema, kabla mkataba haujasainiwa. Kosa la kujumlisha bei linaonekana asubuhi na linarekebishwa jioni. Ukimleta mtu wa nje, atahitaji kwanza kuelezwa vigezo vya tathmini ni nini, na huku dawa za hospitali zinasubiri. Asiyeridhika ana Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma.

Halafu utaalamu. Nani wa nje ataelewa mchoro wa transfoma kuliko mhandisi wa ndani?

Wakili Nkuhungu

Ugavi, hoja ya kasi naipokea. Hatua ya afisa masuuli iitwe mapitio ya ndani, isivishwe joho la usikilizaji. Kinachonikera ni pale barua ya majibu inaposema "umesikilizwa" na hakuna kikao wala sababu.

Ya utaalamu naikataa. Mhandisi aje kama shahidi, aulizwe maswali mbele ya pande zote. Akikaa kitini, ujuzi wake unakuwa ushahidi usiohojiwa.

Marekani walilitengeneza hili mwaka 1946. Sheria yao ya taratibu za utawala inaruhusu watu wa aina tatu kuongoza mashauri rasmi: chombo chenyewe, mjumbe au wajumbe wake, au jaji wa kiutawala. Jaji huyo ni mwajiriwa wa serikali, lakini sheria inakataza awe chini ya usimamizi wa wachunguzi au waendesha mashtaka wa taasisi, na haruhusiwi kuongea faragha na upande mmoja kuhusu ukweli unaobishaniwa. Hata uteuzi wake una uzito: mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilitengua shauri la tume yao ya masoko ya mitaji kwa sababu jaji aliteuliwa na watumishi badala ya tume yenyewe, na ikaamuru shauri lisikilizwe upya na mtu mwingine. Kwa hiyo anaweza kuwa wa ndani. Cha lazima ni ukuta kati yake na waliochunguza.

Mama Ipagala

Nawafuatilia. Sasa mtu ameitwa, anafika anakuta aliyemchunguza ndiye mwenyekiti. Afanye nini palepale?

Katibu wa Baraza

Mama, asitoke kwa hasira. Akitoka, shauri litaendelea bila yeye. Kabla kielelezo cha kwanza hakijapokelewa, asimame ataje pingamizi kwa maneno mafupi: "Mwenyekiti ndiye aliyesaini taarifa ya uchunguzi ya tarehe fulani, naomba ajitoe." Aombe pingamizi na majibu yake viandikwe kwenye kumbukumbu. Akinyamaza hadi uamuzi umuumize, ataambiwa aliridhia.

Wakili Nkuhungu

Na aangalie kwanza sheria inayounda chombo hicho. Kama inamtaja mtu mmoja tu kwa cheo na haina nafasi ya mbadala, pingamizi linaweza kushindwa kwa sababu hakuna mwingine wa kukaa. Hapo aendelee, ajitetee kikamilifu, achukue nakala ya uamuzi na ya kumbukumbu, akate rufaa iliyowekwa. Kama hakuna rufaa, aombe Mahakama Kuu kibali cha mapitio, yaani mahakama ikague uhalali wa uamuzi, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi, na akikipata afungue maombi yenyewe ndani ya siku 14. Siku hizo 14 ndizo zinazowaponyoka wengi.